Bwana Harusi Kutoka Chumba cha Kufulia

Ijumaa ile ya Kwaresima ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa harufu ya samaki wa kukaanga mpaka kwenye mapazia, na katikati ya harufu hiyo akaingia Wanda Gorzynski amekumbatia ndoo yenye samaki hai, anampeleka akaoe. Usishangae. Chama cha wafugaji wa samaki wa baharini pale Toledo, Ohio, hukutana chini ya ukumbi huo, lakini wiki hiyo theluji ilikuwa imeyeyuka vibaya, maji yakaingia chini, na padre akawaambia pandeni juu, chukueni kona ya karibu na meza ya keki, mradi msinizibie foleni. Basi kona hii watu wanakula samaki wa Ziwa Erie na kachumbari ya kabichi, kona ile watu haohao wanasubiri harusi ya samaki. Hakuna aliyeona tatizo lolote.

Wanda alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu. Alikuwa mjane, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kufika kiti cha nyuma kabisa bila kipaza. Siku hiyo sauti yenyewe ilikuwa imemkauka. Alikuwa amevaa sweta yake nyekundu ya Krismasi, kwa kuwa ndiyo pekee isiyo na madoa ya chumvi, na alitembea polepole kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto.

"Shoga, mbona unatembea kama mja mzito?" akamuuliza Nadra Saba, rafiki yake wa miaka mingi, Mlebanoni mwenye duka la mikate mtaa wa pili. Nadra ndiye alikuwa mshenga wa shughuli yote hii, na alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

"Nimembeba Kazio. Nikijikwaa hapa, ukoo mzima umekwisha."

"Ukijikwaa hapa watamkaanga, halafu watakuuliza kama unataka na limau."

Wanda akataka kucheka, kicheko kikamkwama. Kwa kweli hakuwa anatania. Ukoo ulikuwa unakwisha.

Samaki wenyewe ni wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao kila mtoto anayeingia duka la samaki hukimbilia tangi lao. Marehemu mume wa Wanda, Lucjan, alinunua wawili siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, akawaweka sebuleni, na haukupita muda wakataga. Sasa kulea watoto wa samaki wa baharini si mchezo. Wakitoka kwenye yai ni wadogo kama nukta, wanataka chakula kilicho hai na kisichoonekana kwa macho, na wanakufa kwa kisingizio chochote. Lucjan aliwalea kwenye mapipa jikoni mpaka Wanda akahamishia mapishi gereji. Wakakua, kila mmoja na doa jeusi kidevuni, ndiyo alama ya ukoo. Na Lucjan alikuwa na mkono wazi. Unajua watu wa Ohio wakivuna maboga machanga mwezi wa Agosti, wanagawiana mpaka wanatupiana kwenye magari yasiyofungwa milango? Yeye aligawa samaki hivyohivyo. Chama kizima kikapata, maduka yakapata, daktari wa meno akapata.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ikafika mahali ukitafuta mchumba wa samaki wako, kila unayemwangalia ana doa kidevuni.

Aliyelisema hilo hadharani alikuwa Harlan Detwiler, fundi wa matrekta kutoka Archbold, mtu wa maneno machache na yote magumu. Alikuwa rafiki wa Lucjan wa kula naye sahani moja, na Wanda alikuwa akimwita shemeji. Siku chama kinampa Lucjan ngao ya ufugaji bora, Harlan akasimama na kofia yake mkononi. "Lucjan," akasema, "wale wawili uliwanunua duka moja, siku moja, tangi moja. Ni ndugu wa tumbo moja. Na watoto wao sasa wanaoana wao kwa wao chama kizima. Mimi wako uliyeniletea nakurudishia." Wanda, sahani ya keki mkononi, akamjibu maneno ambayo padre aliyasikia ghorofa ya juu. Kuanzia siku ile salamu ikafa. Hata kwenye mazishi ya Lucjan, Harlan alikaa kiti cha mwisho na akaondoka kabla ya chakula.

Na ubaya wa Harlan, huyu mtu, ni kwamba alikuwa amesema kweli. Watoto wakaanza kutoka na vifuniko vya mashavu vifupi, matamvua mekundu yako nje. Wengine taya limepinda. Wengine wanaogelea kwa kuzunguka kama wametoka kilabuni. Wanda aliwaangalia akaumia, maana kila aliyetoka na kasoro aliona ni Lucjan anafutika kidogo. Mwisho yule dume wa kwanza akafa, na kizazi kikafunga. Katika wale wa mwisho, aliyetoka hana kasoro hata moja, mwenye doa zuri kidevuni, alikuwa Kazio.

Kulikuwa na tangi jingine pia, chumba cha kufulia, limefunikwa kitambaa cha meza. Ukimuuliza Wanda, anakwambia lile limepasuka. Tuliache kwanza.

Kwa Kazio, Wanda aliapa hatarudia kosa. Huyu hatagusa dada, hatagusa binamu, hatamwona hata kwa mbali. Akamwekea tangi lake peke yake, na kwa upande wa tangi la jirani akabandika gazeti kwenye kioo. Miaka miwili Kazio alikaa kama mtawa, anakula vizuri, ananenepa, na Wanda akimpita anamwambia subiri baba, wako anakuja.

Halafu ikaja habari kwamba Harlan ameuza shamba, anahamia Arizona kwa binti yake. Samaki wake wote ameshawauza mbali, amebaki na jike mmoja, Esther, na Jumamosi lori linaondoka. Na Harlan, kwa kiburi chake cha kukataa zawadi za Lucjan, ndiye mtu pekee wanayemjua mwenye samaki asiye na doa kidevuni wala tone la damu ya Lucjan.

"Nampigia," Nadra alisema.

"Afadhali nimle Kazio na viazi."

Nadra akapiga. Aliporudi kutoka kwenye simu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuziwa nyanya kwa bei rahisi mno. "Amekubali kabla sijamaliza salamu," alisema. "Hapa kuna jambo. Mtu wa Archbold hakubali kitu haraka hivyo, hata kahawa."

"Anataka mahari gani?"

"Anataka usimame mbele ya chama useme alisema kweli."

"Mwambie asubiri nife."

"Nilishamwambia utasema hivyo. Akacheka. Akasema basi, mlete tu dume la kweli."

Ndiyo maana Wanda alikuwa pale ukumbini na ndoo yake. Harlan alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya meza kama mzazi wa bibi harusi, koti safi, kofia mkononi vilevile. Mbele yake tangi lenye kizuizi cha plastiki katikati, na upande mmoja Esther. Wanda alikuwa hajawahi kumwona samaki wa aina hiyo mkubwa namna ile. Alikuwa mnene, rangi imekolea, na alikuwa anawatazama watu wote kana kwamba wamechelewa kodi ya nyumba.

"Bi. Gorzynski," akasema Harlan.

"Bwana Detwiler."

"Jamani, hii ni harusi," akasema Nadra. "Nyuso hizo za mahakamani mziweke pembeni."

Kazio akazoeshwa maji, akatiwa upande wake wa tangi. Watu wakasogea na sahani zao, wanatafuna huku wamekodoa macho. Mtu akauliza kama keki inakatwa kabla au baada. Harlan akatoa kizuizi.

Mnajua harusi nzuri inavyoanza, bwana harusi anainama kidogo, anaonyesha adabu. Kazio hakuinama. Alimwendea Esther kichwa mbele, kifua kimetuna, akamng'ata pezi. Esther akageuka akamng'ata naye. Maji yakaruka mpaka kwenye kachumbari ya mtu. Walikuwa wanazunguka wameshikana midomo, hakuna anayempa mwenzake nafasi, na Harlan akalazimika kutumbukiza mkono mzima na mkono wa koti ili arudishe kizuizi.

Harlan akainama, akamwangalia Kazio muda mrefu kupitia kioo.

"Huyu ulikuwa unamweka na nani?"

"Peke yake," akasema Wanda kwa fahari. "Miaka miwili. Hajamwona hata ndugu mmoja. Uliza mtu yeyote."

"Peke yake."

"Peke yake kabisa. Nilimbandikia gazeti."

Harlan akajifuta mkono polepole, na Wanda akaona mashavu yake yanacheza. "Bi. Gorzynski. Hawa wakizaliwa si dume wala jike. Mkubwa wa nyumba ndiye anakuwa jike. Anayetawaliwa naye ndiye anakuwa dume. Asiye na wa kumtawala..." Hakumaliza. "Na akishavuka harudi nyuma. Umetuletea bibi harusi wa pili."

Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja alipaliwa na kiazi ikabidi apigwe mgongoni. Nadra alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanaharibu wanja. Na Wanda, masikini, kilichomuuma zaidi ni kwamba alilijua hilo. Nani asiyelijua? Aliwahi kulieleza darasa zima la watoto kwenye basi, wamesimama relini wanasubiri treni ipite. Lakini hofu ya ndugu kuoana ilikuwa imemjaa kichwani mpaka haikuacha nafasi ya kitu kingine. Alimlinda Kazio na dada zake mpaka Kazio mwenyewe akawa dada.

"Keki mbili basi," mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

Wanda hakucheka. Alikuwa anamwangalia Harlan anafungua boksi lake la kubebea.

"Lori linaondoka asubuhi," Harlan akasema, na safari hii sauti haikuwa ngumu. "Ningemwacha. Lakini kwa nani? Ukimweka na huyu, mmoja atakufa. Ungekuwa na dume, hata mdogo, ningemwacha."

Kuna wakati mtu anajisikia maji yamefika shingoni na bado miguu inatafuta chini. Wanda alimwona Esther anainuliwa, akaona boksi limefunguliwa, akaona mwaka ujao tangi la sebuleni limewekwa maua ya plastiki.

"Ninaye," akasema.

"Unaye nani?"

"Dume. Nyumbani."

"Umejuaje ni dume? Umeona tulivyojua huyu."

"Najua." Wanda alitazama sakafu. "Ana mke."

Harlan akasimamisha kazi. Alikuwa mtu wa hesabu za taratibu, na ukumbi mzima uliziona zinapita usoni kwake. "Kwako jike anayetaga ni mmoja tu. Yule wa kwanza. Yule mliyemwita Busia."

Busia ndivyo Wapolandi wa Toledo wanavyomwita bibi, na kila mtu pale alimjua Busia, yule jike wa wale wawili wa mwanzo, mama wa ukoo.

"Ndiyo," akasema Wanda.

"Na huyo dume ni mtoto wa nani?"

Hata foleni ya chakula ilisimama. Padre mwenyewe alitokeza kichwa jikoni, kijiko mkononi.

"Wa Busia," akasema Wanda.

"Tangi lililopasuka," Nadra akasema kwa sauti ya chini. "Shoga. Mimi hilo tangi nimeliwekea kikapu cha nguo juu."

Basi Wanda akaona bora kufa mara moja. Sauti ya basi ikamrudi, ikafika mpaka mlango wa nje. "Nilimweka akae na mama yake. Mama amefiwa, hali chakula, nikasema nimpe katoto kamoja wakae wote. Kalikuwa kadogo kama njegere, ndiyo maana nikakaita Groszek. Nilijua ni mtoto. Asubuhi moja naenda kufua nakuta wanasafisha kigae cha kutagia pamoja, na tumbo la Busia limejaa. Mayai natupa, kila safari natupa, na nikitupa nasali. Lakini kuwatenganisha nilishindwa, kwa sababu Busia ndiye aliyebaki kwenye wale wawili alioniletea Lucjan, na akiwa peke yake anajikunyata pembeni, nami najua kukaa pembeni kulivyo." Akavuta pumzi. "Harlan Detwiler, ulisema kweli. Ulisema kweli siku ile, na leo ni zaidi ya ulivyosema. Umeridhika?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa taa. Harlan peke yake hakucheka.

"Kamlete," akasema.

Nyumba ya Wanda iko ng'ambo ya maegesho ya kanisa. Yeye na Nadra walikatiza kwenye matope ya theluji wameshikana mikono, wanateleza, Nadra anacheka hadi hatoi sauti. Chumba cha kufulia Wanda akavuta kitambaa cha meza. Busia alikuwa pale, mkubwa, rangi imefifia, na nyuma yake Groszek, doa kidevuni, vifuniko vya mashavu vizima, mapezi hayana dosari, anamfuata mama yake kama mkia.

"Nisamehe mama," Wanda akamwambia Busia, huku akizamisha kopo la aiskrimu. "Namchukua mwanao."

"Na mumeo," akasema Nadra, akalazimika kukaa juu ya mashine ya kufulia.

Waliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka, hata waliomaliza kula. Groszek akadondoshewa maji ya tangi taratibu, tone kwa tone, na wakati wote huo Wanda alikula pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, bila kujua zina viazi au kabichi. Harlan akamtia upande wa pili. Akamwangalia Wanda, Wanda akaitikia kwa kichwa, kizuizi kikatoka.

Esther alimjia kwa kasi ileile aliyomalizia na Kazio. Wanda akafumba macho. Alipofumbua, Groszek alikuwa amelala ubavu katikati ya maji, anatetemeka mwili mzima kuanzia kichwa hadi mkia, ndiyo lugha ya dume wa samaki hawa anaposema mama mwenye nyumba, mimi sina neno. Esther akasita. Akamzunguka. Akamgusa kwa mdomo, Groszek akatetemeka zaidi. Kisha Esther akageuka, akaogelea mpaka kwenye kigae cha udongo kilichowekwa pembeni, akasimama hapo na kutazama nyuma. Groszek akamfuata mbio.

"Huyu amelelewa," akasema Harlan.

"Amezoea wanawake wakali," akasema Nadra, kisha akainua shingo akapiga vigelegele vya kwao Lebanoni, virefu, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa mikono yenye mafuta. Mtu akakata keki. Padre akasema yeye hajaona kitu na akaomba kipande cha pembeni.

Katikati ya kelele hizo Harlan akasogea. Alikuwa anaizungusha kofia vidoleni.

"Shemeji," akasema.

Wanda alisikia neno hilo, akajikuta ameshika sweta yake.

"Lucjan alikuja kwangu wiki ileile tuliyogombana," akasema Harlan. "Hakuja kugombana. Alisema, umesema kweli, wale ni ndugu, niwekee jike mmoja wa damu yako. Nikamwambia mchukue leoleo, nina watoto wengi. Akasema hapana, nikimpeleka leo Wanda atamkaanga. Mwache mpaka aje kumwomba mwenyewe. Nikamuuliza, atakuja lini huyo? Akasema, wewe nichagulie mtoto kabisa, mwenye miaka mingi mbele yake."

Wanda aligeuka kulitazama tangi.

"Esther ndiye huyo mtoto," akasema Harlan. "Wakati wa mazishi nilitaka kukwambia. Nikakuangalia usoni, nikaona bado."

"Miaka yote hiyo alikaa peke yake? Kama Kazio?"

"Kama Kazio. Ila mimi nilijua ninachofanya."

Hapo kicheko kilichokuwa kimekwama tangu mlangoni kikatoka chote, kikatoka na machozi, Wanda hakujua kipi kinatangulia. Alicheka ameegemea meza ya keki, anamwona Lucjan kabisa, na mikono yake yenye chumvi, anapanga mambo yake jikoni kimyakimya na kumjua mke wake kuliko mke mwenyewe anavyojijua. Mjinga yule. Mjinga yule mpendwa.

"Na lile sharti," akasema akijifuta pua kwa mkono wa sweta, "la mimi kusema ulisema kweli. Nalo lilikuwa la Lucjan?"

"Hapana," akasema Harlan. "Hilo lilikuwa langu."

Akavaa kofia, akaanza kukunja boksi lake tupu. Wanda akamnyang'anya boksi, akaliweka chini ya meza, akamtia sahani mkononi.

"Leo huondoki kabla ya chakula, shemeji," akasema. "Panga foleni."

Harlan akavua kofia tena, akaenda kusimama nyuma ya watu.